Swali la Mama Muuza Mkaa

Mama yangu aliuza mkaa Handeni. Ada zangu zote za sekondari zilitoka kwenye magunia yale, na sikuwahi kuona aibu mpaka siku nilipoingia maabara nikaambiwa nitasomea namna ya kunasa hewa ukaa. Yaani nimetoka kwenye mkaa, nimekwenda kukimbiza moshi wake.

Likizo ya kwanza nikamweleza. Akaendelea kuchambua maharage, kisha akauliza, "Sasa mwanangu, ukishainasa unaiweka wapi?" Nikaanza habari za vichocheo, jinsi vinavyoharakisha mmenyuko bila vyenyewe kuisha, na jinsi vinavyoweza kusaidia kuigeuza hewa ile kuwa mafuta. "Na nguvu ya kufanyia hayo yote inatoka wapi?" Nikanyamaza. Ndilo swali wanalouliza maprofesa, ila wao huliandika kwa kurasa nyingi.

Jibu la karibu nililikuta Korogwe. Babu alikata mkonge Hale enzi za manamba, na harufu ya taka zake naijua tangu utotoni. Korona ikishakwangua jani, singa ni kama asilimia 4 tu ya uzito wake. Karibu yote yanayobaki hutupwa. Yakioza pasipo oksijeni hutoa methani, ambayo katika miaka 100 huipasha dunia joto mara 28 hivi kuliko hewa ukaa ya uzito uleule.

Profesa Amelia Kivaisi na Anthony Mshandete wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizichunguza taka hizo. Katika makala ya 2006, wakiwa na wenzao wa Lund, Sweden, walionyesha kwamba mabaki ya nyuzi yakikatwa hadi milimita 2, methani inaongezeka kwa asilimia 23. Kukata tu, jamani! Hakuna platinamu hapo. Vichocheo ni vimeng'enya vya vijidudu, na methani unayoikusanya ndiyo unayoichoma. Pale Hale kukajengwa mtambo wa kuzalisha umeme kwa biogesi ya mkonge. Mimi niliyekuwa naota maabara za Ulaya niliona haya kidogo.

Nikampigia mama simu usiku ule, nikamsimulia mpaka salio likakaribia kuisha.

"Vizuri, baba," akasema. "Na huku Handeni itafika lini?"

Nyuma yake nilisikia mtu akiulizia bei ya debe.