Ziara ya Ulaya Huanzia kwenye Cheti cha Kuzaliwa

Hapa Ujerumani, ziara ya darasa huanza na mkutano wa wazazi, jioni moja, tena bila chai. Mwalimu anataja mji, tarehe na bei, mnakubaliana, kisha mnalipa polepole. Watoto hulala hosteli ya vijana; wazo hilo ni la mwalimu Richard Schirrmann, aliyenaswa na mvua kubwa akiwa na wanafunzi wake mwaka 1909. Mzazi asiye na uwezo hujaza fomu, serikali ikamlipia. Lakini kilichonishangaza zaidi ni karatasi. Tangu 1994, nchi za Umoja wa Ulaya zinakubali orodha moja ya shule: ikiwa na picha na mhuri wa ofisi ya wageni, hata mtoto wa kigeni asiye na pasipoti huvuka mpaka na wenzake.

Sasa njoo Eastlands, Nairobi. Dada yangu anafundisha Kayole, na shule yao imealikwa huku na shule rafiki. Kila mtoto anahitaji pasipoti yake, shilingi 7,500, nayo inadai cheti cha kuzaliwa, vitambulisho vya wazazi na idhini yao. Ndipo mambo yanapokwama. Kwenye cheti ni Bryan, shuleni ni Brian. Herufi moja hiyo, na mama ameshapoteza siku kadhaa za kazi akipanga foleni. Mwingine analelewa na nyanya yake Dandora, baba hajulikani aliko, basi watafute wakili wa kuapisha. Ukifika kwenye viza, unaulizwa stetimenti ya benki ya mama anayeuza sukuma wiki soko la Mutindwa. Pesa zake ziko M-Pesa na kwenye chama! Bado bima ya kuanzia yuro 30,000, na kila aliyefikisha miaka 12 aende mwenyewe kuwekwa alama za vidole.

Haishindikani, lakini. MYSA, chama cha michezo cha vijana wa Mathare, kilianza kupeleka vijana Oslo kwa mashindano ya soka ya Norway Cup mwaka 1990, ambako timu hulazwa kwenye madarasa ya shule. Nionavyo mimi, tofauti ni kwamba vijana wale walikuwa na shirika la kuwasimamia. Shule zetu nyingi humwachia kila mzazi apambane na mtandao wa serikali wa eCitizen kivyake, kisha walimu wanashangaa nusu ya darasa imebaki nyumbani.

Kwa hivyo walimu, kusanyeni vyeti kabla hata ya kuchagua mji, na sahihisheni majina yote kwa pamoja. Maombi ya viza hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Na msikimbilie kulipa ile yuro 90: kanuni za viza ya Schengen zinawasamehe ada wanafunzi wanaosafiri kwa masomo, pamoja na walimu wanaoandamana nao. Kituo cha kupokea maombi chaweza kutoza huduma yake, lakini ada yenyewe hamdaiwi. Wakala akiwaandikia kwenye bili, mwambieni aifute.