Gari la Marehemu

Nimo edani hapa Likoni, na watu nisiowaita hawaishi kupiga hodi kuulizia gari la marehemu mume wangu. Gari halikutangazwa kuuzwa. Hata hivyo, mmoja huwaachia watoto nambari ya simu, mwingine hutaja bei papo hapo mlangoni.

Jawabu langu ni moja: gari si langu peke yangu. Katika mali ya maiti hutolewa kwanza gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, ndipo warithi wagawiwe. Kwa kuwa mume wangu ameacha watoto, fungu langu ni thumuni, sehemu 1 kwa 8. Kilichobaki kina wenyewe, na miongoni mwao wamo mayatima. Katiba ya mwaka 2010 nayo, kifungu cha 170, inaturuhusu Waislamu tunaoridhia kupeleka mirathi kwa Kadhi.

Dada zangu, mnunuzi wa namna hii huzijia siku za huzuni kwa kuwa ndizo siku za bei rahisi. Eda ni miezi 4 na siku 10. Gari halitaoza kwa muda huo; lakini haki ya yatima ikishaliwa, ni nani atakayeirejesha?