Baada ya Shahada ya Pili



Ndugu wasomaji, sisi ni mabinti wawili wa Mombasa, watoto wa ndugu wawili, tuliosomea uhandisi wa mitambo jijini Nairobi hadi tukahitimu shahada ya uzamili. Siku ya mahafali wazee wetu walikuja kwa basi la usiku, wakatuletea halua na kashata, na mama zetu wakalia kwa furaha. Hakuna aliyetuuliza siku ile kama kazi itapatikana. Kila mtu aliona kwamba jambo hilo limekwisha.

Halikuwa limekwisha. Kwa muda wa miezi minane tulituma maombi kutoka chumba chetu cha kupanga mtaani Umoja. Majibu yalikuwa machache, na aghalabu yalifanana: wanatafuta mtu mwenye uzoefu. Mmoja alitwambia kwa adabu kwamba kwa kazi ndogo tumesoma kupita kiasi, na kwa kazi kubwa bado hatujafanya lolote. Maneno yale yalituuma kwa sababu yalikuwa kweli.

Sheria yenyewe ya nchi imelijua jambo hili. Chini ya Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011, aliyemaliza chuo husajiliwa kwanza na Bodi ya Wahandisi ya Kenya kuwa mhandisi mhitimu. Hapo sharti apate uzoefu wa kazi usiopungua miaka 3 ndipo aombe kusajiliwa kuwa mhandisi kamili. Tulikuwa tumedhani tumefika juu ya ngazi, kumbe ndio kwanza tumeikaribia.

Tukaamua kwenda Kariobangi. Kando ya barabara ya Outer Ring, si mbali na Umoja, pana karakana nyingi ndogo za chuma: wanaoyeyusha alumini na kuimwaga katika kalibu za mchanga, wanaochonga gia, wanaokereza mihimili ya mashine. Tuliingia karakana moja baada ya nyingine tukiomba kujifunza. Wengi walicheka. Mzee mmoja hakucheka. Alitutazama kuanzia vichwani hadi miguuni, akasema, "Wanangu, kwanza tuzungumze juu ya nguo."

Tulidhani anatukataa kwa sababu ya hijabu, kumbe alikuwa anatulinda. Mashine ya kukereza huzungusha chuma kwa kasi kubwa, na ncha ya kitambaa ikinaswa humvuta mtu mzima kabla hajapiga ukelele. Mzee hakuruhusu mikono mipana, wala mtandio unaoning'inia, wala glavu mbele ya mashine inayozunguka. Tukashona kofia za kitambaa zinazobana kichwa na shingo, tukavaa ovaroli pana zenye mikono iliyofungwa kwa vifungo, na kila ncha ikaingizwa ndani. Stara yetu haikupungua hata kidogo, na tuliweza kufanya kazi bila hofu.

Malipo yalikuwa nauli na chakula cha mchana. Nyumbani habari hiyo haikupokewa vyema. Mama alisema katika simu, "Wenzenu wako maofisini, nyinyi mwarudi na grisi kwenye kucha. Watu wakiniuliza, niwaambieje?" Yalikuwapo pia mazungumzo ya posa kwa mmoja wetu, na upande wa pili walikuwa wameuliza anafanya kazi ofisi gani. Hatukuwa na jibu la kuwapa.

Basi katika mwezi wa tatu ikatokea siku ambayo hatutaisahau. Mama mmoja wa Dandora alileta mhimili wa kinu chake cha kusaga mahindi, ulioliwa pale unapokaa beringi. Kinu kilikuwa kimesimama, na kila siku iliyopita ilikuwa hasara kwake. Mzee alitukabidhi kazi: tukereze mhimili mpya wa milimita 40. Beringi ya kazi kama hiyo haiingii kwa ulegevu. Hubanwa, na kwa hiyo mhimili hutakiwa uzidi milimita 40 kwa kiasi kidogo sana, kati ya mikroni 2 na 18. Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Tulikereza, tukapima kwa maikromita, ikasoma milimita 40 na mikroni 10. Tukashukuru, tukaenda kuswali adhuhuri.

Tuliporudi tukapima tena. Mhimili ulikuwa umepungua, na beringi ikaingia kwa kusukumwa na kidole.

Chuma kilikuwa cha moto tulipokipima mara ya kwanza. Kikiwa na joto la nyuzi 40 kupita hewa ya karakana, chuma cha unene ule hutanuka kwa karibu mikroni 19. Hesabu hiyo tuliijua. Tulipokuwa tunasoma uzamili tulikuwa tukiwafundisha wanafunzi wa mwaka wa pili hesabu hiyo hiyo, na tukiwapunguzia alama walioikosea. Siku ile kichwa kiliijua na mkono haukuikumbuka.

Sasa tulikuwa na njia mbili. Kuna hila inayojulikana na kila fundi: unaupiga mhimili vidoti kwa msumari wa chuma kigumu, uso wake unavimba, beringi inabana. Mashine itazunguka, mteja atalipa na kuondoka akiomba dua. Baada ya wiki kadhaa vidoti vitalika, beringi italegea na kupata moto, na mhimili utaharibika upya. Mzee hakuwapo. Hapana aliyekuwa ameona. Hatutasema kwamba hatukutamani, kwani msumari ule tuliushika mkononi.

Kilichotuzuia ni yule mama. Alikuwa ameketi nje juu ya ndoo iliyofunikwa, akingoja. Alikuwa ametuamini bila kuuliza tumesoma wapi, na mhimili wake ulikuwa amana mikononi mwetu. Tukatoka, tukamweleza kwamba tumekosea na kazi yake itakuwa tayari kesho. Alikasirika, na haki ilikuwa yake. Mzee aliporudi tukamweleza naye. Alinyamaza, kisha akasema bei ya chuma itakatwa katika nauli zetu. Wiki ile tulikwenda na kurudi kwa miguu. Mhimili wa pili tuliuacha upoe kabisa, tukaupima mara tatu.

Usiku huo tulimpigia simu babu, tukamsimulia yote. Alitukumbusha jambo tulilokuwa tumelisahau. Chuo kinachoitwa leo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kilianzishwa mwaka 1948 kwa jina la Taasisi ya Elimu ya Waislamu ya Mombasa, ili vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wapate elimu ya ufundi. Wazee wetu walichanga na kujenga kwa ajili ya kazi kama hiyo. "Grisi kwenye kucha," babu alisema, "ndiyo waliyoitaka wale waliochanga." Tangu siku ile mama hakuuliza tena awaambie watu nini. Akiulizwa, husema watoto wake wanakereza chuma.

Tulikaa Kariobangi mwaka mzima. Mmoja wetu alipoitwa kiwandani katika Eneo la Viwanda kwa mahojiano, aliwekewa mezani mhimili uliovunjika, akaulizwa sababu. Aliona mistari laini iliyopinda kama ganda la kombe, ikianzia kwenye pembe kali ya mfereji wa kabari. Akaeleza kwamba mhimili haukuvunjika siku moja. Ulianza ufa mdogo pembeni, ukachoka polepole kwa mzunguko baada ya mzunguko. Kitabuni alisoma jina la jambo hilo. Kariobangi aliishika mihimili ya namna hiyo kwa mikono yake. Alipata kazi, na sasa anahesabu ile miaka 3. Wa pili alifuata baada ya miezi mitano. Ile posa haikuendelea, na hatuna kinyongo na mtu.

Wazazi wenzetu na wazazi wetu, mnaposomesha binti hadi shahada ya pili, wekeni akiba ya subira kwa mwaka unaofuata. Mwaka huo ni sehemu ya masomo, ingawa hauna cheti wala mahafali. Msimwonee haya akirudi amechafuka. Muulizeni amejifunza nini leo, na muulizeni pia kama kazi aliyoifanya ni ya kweli.

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa na mikono yenye amana. Amin.