Nilijifanya Simjui

Mpenzi msomaji, hebu nikuulize swali kabla hujamaliza chai yako ya Jumapili. Je, umewahi kumkana mtu unayempenda, naye hajakukosea lolote, kwa kuwa tu marafiki zako walikuwa wakikutazama? Mimi nimewahi. Niliwakana wawili kwa siku moja, na mmoja wao ni mama aliyenizaa.

Jambo hili nilikuwa nimelizika kitambo. Lilifukuliwa mwaka wa 2020, wakati wa kafyu ya korona, siku zile tulipokuwa tukijifungia nyumbani mapema kama kuku. Rafiki yangu mmoja aliniazima riwaya iitwayo Normal People, iliyoandikwa na Sally Rooney wa Ireland na kutolewa mwaka wa 2018. Nilidhani ni vile vitabu vya mapenzi vya kutafutia usingizi. Lo! Usingizi wenyewe ndio ulionikimbia.

Kisa kinaanzia katika mji mdogo wa kubuniwa, Carricklea, magharibi mwa Ireland. Marianne ni binti wa familia tajiri, lakini shuleni hana rafiki hata mmoja. Connell ni kijana mcheza kandanda, anapendwa na kila mtu, ila kwao hakuna mali. Mama yake, Lorraine, huajiriwa kufanya usafi katika nyumba ya akina Marianne. Connell anapokwenda kumchukua mama yake jioni ndipo wawili hao wanapozungumza, na mazungumzo yanazaa mapenzi. Shuleni, hata hivyo, wanapishana kama watu wasiojuana, kwa kuwa Connell anaogopa kuchekwa. Sherehe ya kumaliza shule inapofika, anamwalika msichana mwingine. Lorraine anapopata habari anamwambia mwanawe kwamba anamwonea haya, anashuka garini na kwenda kutafuta basi la kumrudisha nyumbani.

Hapo, msomaji, nilikifunga kitabu. Nilikuwa nimemwona mama yangu akitembea peke yake katika barabara ya vumbi huko Ndhiwa.

Labda wewe hukijui Ndhiwa. Ni kule Homa Bay, ukishapita Rodi Kopany ukielekea upande wa Mto Kuja, nchi ya miwa na mahindi. Mgeni akipita hapo ataona nyumba za mabati huku na huku na kudhani kwamba wote ni hali moja. Sivyo. Kuna mstari usioonekana kwa macho. Upande mmoja wa mstari huo yuko wuon lowo, yaani mwenye ardhi, ambaye ukoo wake ndio ulioishika nchi hiyo tangu jadi. Upande wa pili yuko jadak, mtu aliyekuja kutoka kwingine na kukaribishwa alime na ajenge. Jadak anaweza kukaa hapo miaka hamsini, akazaa na kuzika, lakini siku ya ugomvi ataulizwa kwao ni wapi.

Sisi tulikuwa jodak. Babu yangu alitoka Kano baada ya mafuriko makubwa ya mwaka wa 1961 kumsombea kila kitu. Alipewa mahali pa kujenga na ukoo mmoja wenye ukarimu. Kisha serikali ikaja na sheria ya mwaka wa 1968 ya kuamua nani ni mwenye shamba gani. Mashamba yakapimwa, majina yakaandikwa katika vitabu. Jina la babu halikuwamo. Tuliendelea kukaa pale kwa hisani tu, na hisani, kama ujuavyo, haina karatasi.

Usidhani haya ni ya Wajaluo peke yao. Wakikuyu walikuwa na neno lao, muhoi. Ireland nayo imeyajua haya. Rooney alizaliwa mwaka wa 1991 huko Castlebar, na ni katika mji huo huo, mwaka wa 1879, ambapo wapangaji wa mashamba waliunda chama cha kupambana na mabwana wenye ardhi. Kwa hivyo mtu wa huko akiandika kuhusu kijana wa mfanyakazi na binti wa nyumba kubwa, anajua analolisema.

Nyumba kubwa ya kwetu ilikuwa ya mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa na shamba pana la miwa. Mama alikuwa akifua, akipika na kuteka maji huko. Baba alikuwa amekwisha kufariki. Kila Jumamosi jioni nilitumwa kumpokea mama ili nimsaidie kubeba mzigo, kwani mara nyingi alipewa unga au viazi. Binti mdogo wa nyumba hiyo tulisoma shule moja, kidato kimoja. Kijijini watu walimwita nyar mwalimu, binti wa mwalimu, nami nitamwita hivyo hivyo.

Tulianza na vitabu. Aliniazima Weep Not, Child, riwaya ya Ngugi wa Thiong'o iliyotoka mwaka wa 1964. Kama uliisoma shuleni utakumbuka kwamba Njoroge ni mtoto wa muhoi, na Mwihaki ni binti wa Jacobo, tajiri ambaye baba yake Njoroge anaishi katika ardhi yake. Niliisoma usiku kwa koroboi hadi macho yakauma. Nilipoirudisha, nyar mwalimu aliniuliza, "Umeona?" Nikamjibu, "Nimeona." Hatukusema zaidi, lakini tangu siku hiyo Jumamosi ikawa ndiyo siku yangu ya juma. Tulikaa chini ya mwembe nyuma ya jikoni tukimngoja mama amalize vyombo, na mara nyingi niliomba vyombo viwe vingi.

Shuleni lilikuwa jambo jingine. Nilikuwa katika timu ya kandanda, na wavulana wa timu walikuwa na ndimi kama wembe. Mmoja alikuwa amekwisha kusema kwamba jadak akitaka shamba hutafuta mke kwa mwenye shamba. Wote wakacheka, nami nikacheka nao.

Kisha ikafika siku ya wazazi, mwaka wa 2006. Mama alikuja. Alivaa gauni lake la kanisani, lakini kichwani alibeba kikapu cha chakula cha familia ya Mwalimu, kwa maana mke wa Mwalimu alikuwa amemwomba. Alisimama pembeni mwa hema akiangaza macho kunitafuta. Mvulana mmoja akaniuliza, "Yule mama wa kikapu ni nani?" Nikajibu, "Ni mfanyakazi wa Mwalimu." Maneno hayo yalikuwa ya kweli, na labda ndiyo sababu yalinitoka kwa wepesi. Mwingine akadakia, "Na binti wa Mwalimu je? Tunasikia mna mambo." Nikasema, "Yule? Hata simjui vizuri."

Nyar mwalimu alikuwa hatua chache tu kutoka hapo. Hakunitazama. Aliinuka, akamtua mama kikapu, akampa kiti chake mwenyewe, na akakaa katika nyasi miguuni pake mbele ya shule nzima.

Jioni mama alinipakulia ugali kama kawaida. Sikuweza kumtazama usoni. Alikula, akanawa, kisha akasema, "Leo nilipewa kiti na yule mtoto." Basi. Hakuniuliza nilikuwa wapi.

Ungedhani nilijifunza. La, msomaji wangu, moyo wa maskini mwenye kiburi ni mgumu kama jiwe la kinu. Nyar mwalimu hakunisemesha hadi tulipomaliza kidato cha nne. Mwaka wa 2010 tulikutana Nairobi, katika maktaba ya McMillan. Yeye alikuwa chuo kikuu, nami nilikuwa nikisomea stashahada ya uandishi wa habari. Sijui kwa nini alinisamehe. Alisogeza mkoba wake nikae, na tukawa wapenzi wa wazi, tukitembea mchana mbele za watu. Nilijiambia kwamba mstari ule umebaki Ndhiwa.

Mwaka uliofuata Mwalimu akafariki. Wewe unajua matanga ya kwetu. Watu wa Nairobi hukutana jioni, huchanga, hukodi basi, na kila afikaye hutajwa ametoa nini. Nami mfukoni nilikuwa na shilingi mia mbili na deni la karo. Nilijiuliza, nitafikaje mikono mitupu kwa mtu ambaye ninaishi katika ardhi yake? Watasemaje watu wakiona mtoto wa jadak amekuja kula nyama ya matanga? Nikamwandikia nyar mwalimu ujumbe kwamba nina mtihani. Sikuwa na mtihani wowote.

Mama alikuwa pale siku zote za matanga, akichemsha chai ya waombolezaji. Aliniambia baadaye kwamba nyar mwalimu alikuwa akija jikoni na kuuliza, "Mama, hajafika?"

Aliporudi Nairobi nilimweleza ukweli. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Kwani nauli ilikuwa pesa ngapi?" Nikamtajia. Akacheka, na kicheko hicho hicho kikageuka machozi. "Ningekutumia kwa M-Pesa nikiwa nimekaa pale pale kando ya jeneza," akasema. Nikamjibu kwamba angenidharau. Akaniuliza, "Tangu lini?"

Sikuwa na jibu, na sina hadi leo. Penzi letu liliendelea miezi michache likichechemea, kisha likalala. Aliolewa, ana watoto, na ninamtakia heri yeye na mumewe.

Sasa rudi nami kwa riwaya ya Rooney. Connell na Marianne nao wanafika chuo kikuu jijini Dublin na kupendana tena. Wakati mmoja Connell anapunguziwa kazi katika mkahawa na kukosa kodi ya nyumba. Marianne ana makao ya kutosha. Neno moja tu lingetosha, lakini Connell hawezi kulitamka. Badala yake anamwambia kwamba atarudi kwao, naye Marianne anadhani amechokwa. Wanaachana kwa sababu ya ombi ambalo halikuombwa.

Nilipokuwa na miaka kumi na saba na kusoma habari za Njoroge na Mwihaki, nilijiandaa kwa adui wa aina nyingine. Katika kitabu cha Ngugi kuna vita, na baba wa mvulana na baba wa msichana wako pande mbili zinazouana. Nami nilimngoja Mwalimu anifukuze na panga. Wapi! Mzee yule hakuwahi kunitamkia neno baya hata moja. Mkewe alinipa chai katika vikombe vya wageni. Mstari ule ulikuwa umechorwa na historia, naam, lakini siku ile shuleni na siku zile za matanga, aliyeulinda kama askari wa zamu ni mimi.

Kuna jambo moja zaidi. Mwaka wa 2016 watoto wa Mwalimu waligawana urithi. Nyar mwalimu alisimama mbele ya kaka zake na kuomba kipande alichojenga mama kikatwe na kuandikwa kwa jina la mama. Kulikuwa na maneno, lakini hatimaye likafanyika. Leo mama ana hatimiliki, ameifunga ndani ya karatasi ya nailoni na kuificha chini ya godoro. Nami sikupiga simu kushukuru. Nilijiambia kwamba ni mke wa mtu, haifai. Ukweli ni kwamba niliona haya tena.

Kwa nini ninakusimulia haya leo? Ni kwa sababu ya jambo lililotokea nyumbani kwangu likizo ya Agosti. Dada anayetusaidia kazi za nyumbani alikuwa na mwanawe wa miaka kumi aliyekuja kumtembelea kutoka mashambani. Nilirudi kutoka kazini nikamkuta mtoto yule amesimama katika mlango wa jikoni, mikono nyuma, akitazama runinga kutoka mbali. Binti yangu alikuwa kwenye kochi. Nikamwuliza mtoto kwa nini haketi. Akajibu kwa adabu, "Niko sawa, baba." Hakuna mtu aliyemkataza kuketi. Aliujua mstari bila kuonyeshwa, kama nilivyoujua mimi.

Binti yangu aligeuka akanitazama, akasema, "Nilimwambia aje, hataki." Nilimwambia amwambie tena, na ampishe mahali. Walibanana kwenye kochi hilo hadi taarifa ya habari. Mama yake mtoto alipotoka jikoni alishtuka, akataka kumwinua. Nikamwomba amwache.

Ewe mwanafunzi unayesoma haya, ikiwa unampenda mtu na mfuko wako ni mtupu, mwambie kwamba ni mtupu. Akikucheka, utakuwa umemjua mapema. Wewe mzazi mwenzangu, wiki hii chunguza ni nani huketi wapi nyumbani mwako, na ni nani husimama.

Na wewe nyar mwalimu, najua gazeti hili hufika kwenu. Sikukutaja jina, lakini unajijua. Siku ile nilisema sikujui vizuri. Nilikujua. Asante kwa kile kiti.