Nilimwita Mvivu, Kumbe Miguu Ilikuwa Imekwisha

Wapo wazazi wasiojua hata rangi ya jezi anayovaa mtoto wao. Mimi simo katika kundi hilo. Nimelelewa Eastlands, hapa jijini Nairobi, na ujana wangu wote niliumalizia katika viwanja vya vumbi vya Kaloleni na Jericho, hadi goti la kulia liliponikatalia. Ndiposa kifungua mimba wangu alipoanza kusifiwa mtaani kuwa kiungo asiyekabika, nilivimba kichwa kuliko yeye mwenyewe. Alikuwa na umri wa miaka 16, kidato cha tatu, na shule yake ilikuwa imetupunguzia karo kwa sababu ya miguu hiyo. Kwa mtu wa mshahara wangu, hilo si jambo dogo.

Jumapili moja mwanzoni mwa Juni 2024, timu ya mtaa wetu ilikuwa ikicheza nusu fainali. Nilisimama kando ya uwanja na wazee wenzangu, kila mmoja akijifanya kocha. Kipindi cha kwanza kijana alitamba kweli kweli. Cha pili kilipoanza, nilishangaa kumwona akitembea. Mpira ulipita karibu naye asiufuate. Kila refa alipopuliza kipenga, aliinama akashika magoti.

"Mzee, mwanao amegoma leo?" jirani mmoja akaniuliza, na wengine wakacheka.

Kicheko kile kilinichoma. Nilipaaza sauti, uwanja mzima ukasikia: "Kimbia wewe! Acha uvivu, unatuaibisha!"

Aligeuka akanitazama. Hakunijibu. Dakika chache baadaye alijaribu kumfukuza winga wa wapinzani, nikaona mkono wake umeruka nyuma ya paja kama mtu aliyepigwa jiwe. Akaanguka pale pale. Mechi tulishindwa, lakini wakati huo nilikuwa nimeshasahau mabao.

Tulimfikisha nyumbani akichechemea, amenishika bega. Mama yake hakuuliza nani alishinda. Aliuliza, "Baba watoto, huyu mtoto wiki hii amecheza mara ngapi?"

Nilikaribia kusema mara mbili. Tukasimama mbele ya ile kalenda ya duka tuliyotundika ukutani, kijana akitutajia akiwa amelala kwenye kochi. Jumanne, mashindano ya shule, mechi moja asubuhi na nyingine alasiri. Alhamisi, mechi ya shule tena. Ijumaa, mazoezi na klabu yake ya vijana. Jumamosi, mechi ya ligi ya klabu hiyo. Jumapili, timu ya mtaa. Mechi tano katika siku sita. Na siku zote hizo za shule alikuwa akiamka saa kumi na nusu alfajiri kuwahi matatu, na kulala saa tano usiku baada ya kumaliza kazi ya walimu. Jumapili yenyewe alitoka kabla chakula hakijaiva, tumboni mna chai na vipande viwili vya mkate.

Usiku ule ndipo aliponiambia neno ambalo sijalisahau. "Baba, sikuwa nimegoma. Nilikuwa naiambia miguu iende, haiendi."

Kesho yake tulikwenda kwa mtaalamu wa viungo katika hospitali moja ya umma. Aliminya paja, akasema misuli ya nyuma imechanika kidogo, apumzike majuma manne. Kisha akanigeukia. "Mzee, nasikia wewe pia ulicheza. Mechi ngapi kwa wiki?"

"Moja," nikasema. "Mbili zikizidi sana."

Hakusema kitu. Aliendelea kuandika tu.

Tangu siku hiyo nimesoma mengi niliyopaswa kuyajua zamani. Mchezaji wa kulipwa hukimbia na kutembea kilomita 10 hadi 12 hivi katika mechi ya dakika 90, na kiungo mara nyingi huwapita wenzake. Si umbali tu unaochosha. Ni zile mbio fupi za kasi, kusimama ghafla, kugeuka, kuruka na kusukumana, huku moyo ukidunda karibu na mwisho wa uwezo wake muda mrefu. Nguvu za kazi hiyo hutoka zaidi katika wanga ambao mwili umeuhifadhi ndani ya misuli, yaani glaikojeni. Akiba hiyo ni kama mafuta ndani ya tangi: mechi moja huipunguza sana, na kuijaza tena huchukua siku nzima au mbili, tena kama mtu anakula sawasawa. Misuli yenyewe iliyoumia kwa mbio huweza kuhitaji siku mbili hadi tatu kurudi hali yake.

Mtafiti mmoja wa Sweden, Bengt Saltin, aliandika juu ya jambo hili mwaka 1973. (Ndiye yule ambaye baadaye alikuja Bonde la Ufa kuwachunguza wanariadha wetu.) Aligundua kwamba wachezaji walioingia uwanjani akiba yao ikiwa ndogo walisafiri umbali mfupi kuliko wenzao, na karibu nusu ya umbali huo waliumaliza kwa kutembea. Niliposoma hayo nilimwona mwanangu, mikono magotini, na nikajisikia nikipiga kelele.

Hata wakubwa wenye madaktari na wapishi wao hawaponi. Kasi yao hushuka dakika 15 za mwisho, na majeraha huongezeka kila kipindi kinapoelekea ukingoni. Janga la korona lilipobana ratiba za ligi mwaka 2020, sheria ilibadilishwa timu ziruhusiwe kubadilisha wachezaji watano badala ya watatu. Wa kwetu anayecheza mara mbili kwa siku moja, nani amembadilishia sheria?

Siwalaumu walimu na makocha peke yao. Miguu ile ilikuwa na wenyewe watatu, shule, klabu na mtaa, kila mmoja akidai fungu lake, na hakuna aliyejumlisha. Lakini kalenda ilikuwa ukutani kwangu, wala si kwao.

Kuomba msamaha kwa mtoto ni kazi ambayo baba yangu hakunifundisha. Nilizunguka zunguka siku tatu, mwisho nikamwambia tukiwa tunakula kwamba nilikosea uwanjani. Alisema, "Sawa, baba," akaniomba nimsogezee sukumawiki.

Shuleni nilikwenda moyo ukinidunda, nikiifikiria ile karo. Mwalimu wa michezo alinuna kwanza, kisha akakubali kwamba kijana akipona hatacheza mechi mbili kwa siku moja. Nyumbani, mama yake sasa huhakikisha amekula ugali, wali au viazi vitamu saa tatu hivi kabla ya mechi, na taa huzimwa saa tatu na nusu usiku, vitabu vimekwisha au havijakwisha. Kwa umri wake anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Hatuzifikii bado, lakini tano na nusu zimekwisha.

Mwisho wa Septemba alikuwa amerudi. Jumamosi moja aliichezea klabu yake dakika zote 90. Kesho yake mtaa ulikuwa na fainali, na kelele za uwanjani zilitufikia hadi sebuleni, ambako alikuwa ameketi, miguu juu ya kigoda, masikio yote dirishani. Mlango ukagongwa. Alikuwa mtoto mdogo, anahema.

"Kocha anasema, hata dakika 20 tu!"

Mwanangu akanitazama. Mimi nikaitazama kalenda.

"Mwambie kocha amelala," nikasema.

Mtoto akachungulia ndani, akamwona amekaa macho yamemtoka, akaondoka mbio kupeleka jibu.