Daftari la Joto

Joto la wafanyakazi wa laini yangu nililitunga. Naanzia hapo ili nisijipe nafasi ya kuzungukazunguka.

Mwaka 2020 nilikuwa msimamizi wa laini katika kiwanda kimoja cha nguo Athi River, Kenya, ndani ya EPZ, eneo la viwanda vinavyouza bidhaa nje. Tulizoea kushona suruali za soko la Marekani, zile zilizokuwa zikiingia kule bila ushuru chini ya AGOA, mpango wa Marekani wa biashara na Afrika. Korona ilipofika Machi, oda zikafutwa na wengi wetu tukapewa likizo bila malipo. Aprili serikali ikalazimisha barakoa hadharani, nasi tukaitwa kushona barakoa. Si wote. Kila aliyeketi kwenye mashine alijua kuna mwenzake nyumbani anayeingojea nafasi hiyo.

Kanuni ilitaka kila mtu apimwe joto kabla ya kuingia na kila laini iwe na daftari lake. Lakini kafyu iliisha saa kumi na moja alfajiri, watu wakawa wanafika kwa mkupuo, na kipimajoto cha getini kilikuwa kimoja. Aliyechelewa kwa sababu ya foleni alikatwa mshahara kama aliyechelewa kwa usingizi. Mwishowe upimaji ukahamishiwa ndani, kwetu wasimamizi. Betri za kipimajoto changu zikaisha. Niliomba nyingine, nikaambiwa zinakuja. Nikashika kalamu.

36.4. 36.6. 36.2. Nilihakikisha hazifanani. Waliofanya kazi karibu na pasi niliwaongezea kidogo, ili mkaguzi asishtuke. Ustadi huo ndio unaonitia aibu kuliko uvivu wenyewe. Betri zilipoletwa sikurudi kupima: tageti ilihesabiwa kwa saa, na kalamu ilikwenda mbio kuliko kipimajoto. Wenzangu walinishukuru kwa kutowapotezea muda, nami nikajiona mtu mwema.

Asubuhi moja dada wa ovaloki alikuja akikohoa. Aliniambia mwenyewe kwamba hakulala kwa homa. Alikuwa kibarua, siku asiyofika hailipwi. Nilimhamishia mwisho wa laini, nikamwambia apandishe barakoa ifunike pua, nikamwandikia 36.5. Hapo mwisho hapakuwa na ile mita moja na nusu iliyotakiwa kati ya mtu na mtu. Kila kipande alichomaliza kilipokewa mkono kwa mkono na aliyekuwa akishona lastiki.

Wiki hiyohiyo alilazwa. Alipopata nafuu alikuja kuomba kiwanda kimsaidie bili ya hospitali, na ofisi ikaagiza daftari. Siku zake zote zilikuwa chini ya 37. Akaambiwa kazini alikuwa mzima, ugonjwa wake ni wa mtaani. Nilikuwa nimesimama pale pale. Akanigeukia, akangoja niseme.

Nikasema, "Daftari ndilo hilo."

Hakupimwa korona, kwa hiyo siwezi kusema aliipata kwangu wala kwamba aliwaambukiza wenzake. Ninachokiri ni hiki: alikuja na homa, aliniambia, nami nikaandika kwamba hana, kisha nikaliacha andiko langu limshinde mbele ya macho yangu. Hakuitwa tena kazini.

Ikiwa daftari lile bado limo kwenye faili, na siku moja litatolewa kumjibu mfanyakazi mwingine, tafadhali lisiaminiwe. Tangu betri zilipoisha hadi nilipoacha kazi, kurasa za laini yangu hazina joto la mtu hata mmoja.