Mugumu: Ni Mwaka Upi Uliogeuza Mambo?

Msafiri aendaye Mugumu kutoka Musoma huiacha barabara kuu pale Makutano, akapita Butiama, mahali alipozaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1922, kisha akaelekea mashariki kwa njia ya Nata. Atokaye Tarime huja kwa upande wa Nyamwaga na kuuvuka Mto Mara. Njia zote mbili humfikisha katika makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, mji ulioezekwa bati, uliozungukwa na mashamba ya mahindi, mtama na mihogo, na makundi ya ng'ombe yasiyokwisha njiani. Hapo hukutana Wakurya, Waikoma, Wanata, Waisenye, Wangoreme na Watatoga, kila mmoja na lugha yake, na Kiswahili kikiwa cha wote.

Kusini na mashariki ya mji huo ndiko iliko Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, yenye kilomita za mraba 14,763. Watalii wengi huijua hifadhi hiyo bila kuijua Mugumu. Huwatazama nyumbu, wakapiga picha, wakaondoka wakiamini kwamba wameiona nchi isiyokuwa na historia. Imani hiyo ndiyo inayotulazimu tuulize: historia ya mahali hapa iligeuka lini, na nani mwenye haki ya kuichagua siku hiyo?

TAREHE ZA WENGINE

Watoto waliosoma katika shule za mkoloni walikaririshwa tarehe za Waingereza. Mwaka 1066, William wa Normandy alivuka bahari akautwaa ufalme. Mwaka 1215, Mfalme John alibanwa na makabaila wake mpaka akaukubali Mkataba Mkuu. Mwaka 1649, Mfalme Charles wa Kwanza alikatwa kichwa. Ilidhaniwa kwamba aliyezijua tarehe hizo ameijua historia.

Hata huko Uingereza kwenyewe hoja hiyo haijakwisha. Wapo wasemao kwamba kwa mkulima wa kawaida mwaka mkubwa ulikuwa 1348, tauni ilipoingia na kuua watu wengi mno. Wengine hukadiria theluthi moja, wengine nusu ya watu wote. Mabwana waliobaki walikosa watu wa kulima, na vibarua wakaanza kudai ujira mkubwa zaidi. Mwaka 1351 ilitungwa sheria ya kuwazuia, lakini mambo yalikuwa yamekwisha kugeuka. Tauni haikutia sahihi mkataba wowote, na bado iliyabadili maisha ya mkulima kuliko wafalme wengi waliotajwa vitabuni.

Basi hapo tunapata kipimo. Mwaka mkubwa ni ule ambao baada yake mtu wa kawaida hakuweza tena kulima, kula, kuoa wala kulea watoto kama alivyofanya kabla yake. Tukichukue kipimo hicho mpaka Mugumu.

MSTARI NA BOMA

Vitabu vingi vingeanza na mwaka 1886, Waingereza na Wajerumani walipokubaliana kuigawa Afrika ya Mashariki kwa mstari uliochorwa kutoka pwani hadi Ziwa Viktoria. Mstari huo uliwakata Wakurya vipande viwili. Leo wamo Tanzania na wamo Kenya. Baadaye Wajerumani walijenga boma lao Ikoma, kusini ya Mugumu.

Mambo hayo yalikuwa makubwa, hapana shaka. Lakini Mkurya wa mwaka 1886 aliamka kesho yake akaenda malishoni kama kawaida. Hakuna aliyemwambia kwamba amegawanywa. Iliwachukua wakoloni miaka mingi kuugeuza wino ule kuwa askari, kodi na vizuizi. Na kabla hawajafika, pigo jingine lilikuwa limekwisha kupita katika kila boma la ng'ombe.

SOTOKA

Pigo hilo ni sotoka. Inaaminika kwamba ugonjwa huo wa ng'ombe uliingia Afrika kwa pembe ya kaskazini mashariki, katika miaka ya 1880, pamoja na mifugo iliyoletwa kutoka ng'ambo. Ulipofika mwaka 1890 na 1891 ulikuwa umeshuka mpaka nchi zetu. Katika Umasai sehemu kubwa kabisa ya ng'ombe ilikufa. Oscar Baumann, Mwaustria aliyepita Ngorongoro na Serengeti mwaka 1892 akielekea ziwani, aliandika habari za watu waliokonda hata kubaki mifupa.

Ng'ombe hawakufa peke yao. Nyati na nyumbu nao waliteketea. Ikafuata ndui, ikafuata njaa. Watu wa magharibi ya Serengeti, ambao walitegemea jembe na upinde kuliko maziwa, nao hawakupona. Wengi walitembea kwa miguu hadi Usukuma kutafuta nafaka. Waliorudi walirudi wachache, wakajikusanya pamoja kwa usalama, na mahame yakabaki nyuma yao.

Tazama sasa yaliyofuata. Mahali palipokosa ng'ombe wa kula nyasi na watu wa kuchoma nyika, vichaka viliota. Vichaka vikamkaribisha mbung'o, na mbung'o akamzuia mfugaji asirudi. Wazungu waliokuja baadaye kuwinda, akiwamo Mmarekani Stewart Edward White mwaka 1913, waliikuta nchi iliyojaa wanyama na yenye watu wachache. Wengi wakadhani kwamba ndivyo ilivyoumbwa. Kumbe sehemu ya nyika waliyoisifu ilikuwa na makaburi na mahame, na wenyewe walikuwa hai, wakikumbuka.

Kwa sababu hiyo, kama tukilazimishwa kuchagua jambo moja tu, tunalichagua hilo. Sotoka iliufungua mlango ambao wengine wote waliupitia.

NCHI KUWA HIFADHI

Jambo la pili lina tarehe kamili. Mwaka 1951 Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa. Mwaka 1959 mipaka yake ilichorwa upya: Wamasai waliokuwa wakiishi katika mbuga zake walihamishiwa upande wa Ngorongoro, na hifadhi ikapanuliwa kuelekea kaskazini. Kwa watu wa Ikoma, Nata na jirani zao, maana yake ilikuwa kwamba uwindaji wa baba ukawa ujangili wa mwana. Miti, chemchemi na vilima vya matambiko vilivyobaki ndani ya mpaka vikawa mahali pa kuombea ruhusa.

Haki inatudai tuseme na upande wa pili. Mwaka 1961 nyumbu walikadiriwa kuwa kiasi cha 260,000. Mwaka 1977 walikuwa wamefikia kiasi cha 1,300,000. Nini kilichowaongeza? Ulinzi ulisaidia, lakini sababu kubwa ilikuwa chanjo ya sotoka waliyopewa ng'ombe wa wafugaji pembeni ya hifadhi. Nyumbu hawakuchanjwa hata mmoja. Ng'ombe walipopona, ugonjwa ukakosa mahali pa kujificha, na kufikia mwaka 1963 ulikuwa umetoweka kwa nyumbu. Chanjo bora zaidi iliyotengenezwa na Walter Plowright na wenzake huko Muguga, karibu na Nairobi, ilisaidia kuumaliza ugonjwa huo popote ulipokuwa. Mwaka 2011 dunia ilitangaziwa kwamba sotoka imekwisha. Mtalii anayestaajabia msafara wa nyumbu angepaswa kumshukuru pia mfugaji aliyeupeleka mfugo wake kuchomwa sindano.

UHURU NA KIJIJI

Na Uhuru wa tarehe 9 Desemba, 1961, je? Huo ni mwaka wa taifa zima, wala hakuna wa kubishana naye. Lakini kwa kipimo tulichokiweka, Uhuru ulibisha hodi katika nyumba za Serengeti hasa katika miaka ya 1970. Mwaka 1974 ndipo operesheni ya vijiji ilipozihamisha kaya nyingi kutoka miji yao iliyotawanyika hadi nyumba zilizopangwa kwa mistari. Mwaka 1977 ukaja mpango wa elimu ya msingi kwa wote.

Mzee wa huko akikusimulia habari za vijiji, atakusimulia mambo mawili kwa pumzi moja. Atakuambia kwamba shule, kisima na zahanati vilikuwa karibu kuliko zamani. Atakuambia pia kwamba aliuacha mji wa baba yake, pamoja na makaburi, na kwamba si wote waliohama kwa hiari. Yote mawili ni kweli, na mwandishi wa historia hana ruhusa ya kulifuta moja ili lingine lipendeze.

WASIOULIZWA

Lipo jambo la nne, nalo halimo katika orodha ya wazee wa kiume. Huko wanaume huhesabu miaka kwa marika, na kwa njaa na vita vilivyoyapata marika hayo. Mama huweza kuhesabu kwa njia nyingine: mwaka aliopelekwa shule, au mwaka aliokeketwa. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 ilipiga marufuku kumkeketa mtoto wa kike aliye chini ya umri wa miaka 18. Desturi haikukoma siku hiyo. Lakini leo, msimu wa ukeketaji unapokaribia, wapo wasichana wanaotoroka kwao usiku na kwenda kujihifadhi katika nyumba salama mjini Mugumu. Msichana anayeshika njia gizani ili abaki na mwili wake mzima anageuza historia ya ukoo wake, ingawa hakuna kitabu kitakachoiandika tarehe hiyo. Huenda ndilo geuzo kubwa kuliko yote, nalo bado halijakamilika.

Ndugu msomaji, wengi wetu tunaofanya kazi mijini tumetoka katika vijiji vya namna hiyo. Watoto wetu wanazijua tarehe za mitihani, lakini hawajui babu yao alihamia wapi mwaka 1974, wala kwa nini ukoo wao una watu Kenya. Likizo ijayo, mpelekeni mtoto kwa bibi na babu akiwa na daftari na swali moja: ni mwaka upi ambao baada yake maisha yenu hayakurudi tena kama yalivyokuwa? Amwulize babu, kisha amwulize bibi peke yake. Majibu yakitofautiana, ayaandike yote mawili.